Uji Usiwe wa Waliolipiwa Tu

Maneno ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka



Tuliosoma hapa tunaikumbuka kengele ya saa nne. Waliotoa mchango wa mahindi walishika vikombe wakapanga foleni ya uji. Wengine walikwenda bombani kunywa maji, wakakawia makusudi mpaka foleni iishe. Baadhi yetu tulikuwa bombani. Baba zetu walikuwa vibarua wa mkonge, na mshahara ulikuwa haujatoka.

Kwa jirani zetu Kenya, kijana Wawira Njiru alilivalia njuga jambo hili. Mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa lishe Australia, aliwapikia watu chakula cha jioni kwa malipo, na fedha hizo zikaanzisha jiko dogo Ruiru. Alianza na watoto 25. Leo shirika lake, Food4Education, linalisha watoto mamia ya maelfu. Nairobi mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, kaunti na shirika hujazia. Mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine, anapewa chakula. Foleni ni moja.

Sisi bangili hatuna, mahindi tunayo. Mbegu zake zinatafitiwa hapo Ilonga. Ni aibu mtoto wa Kilosa asome na njaa.

Kwa jicho la uhasibu, kosa letu ni kuchangishana Januari, gunia likiwa ghali na ghala la mzazi likiwa tupu. Tunaomba fedha za leo zinunue mahindi baada ya mavuno, bei ikiwa chini, yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mzazi mwenye uwezo atoe debe lake kama kawaida. Asiye nalo, mfuko huu umjazie. Jina lake lisisomwe mkutanoni, wala mwanawe asitolewe foleni. Kitakachosomwa hadharani ni mapato na matumizi, shilingi kwa shilingi.

Tumepiga hesabu: gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo, ni kama kilo 19, yaani takribani debe moja. Ndugu zetu, debe moja linamtoa mtoto mmoja bombani mwaka mzima.

Daftari liko mezani.