Kila Mmoja Kasia Moja

Maneno yaliyotolewa Sakania mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani, jamaa za wenyeji, machifu na wajumbe wa komite ya amani

  Tunawashukuru mama waliotupikia bukari na sombe, kwa maana mtu mwenye njaa hasikii neno la amani.

Mmekwisha kuona filamu fupi tuliyoonyesha kwa kompyuta: watu wanne katika mtumbwi mwembamba sana, wanavuta makasia kwa nguvu na kwa pamoja. Filamu ilikuwa haijamalizika wakati mzee mmoja kati yenu, mvuvi wa siku nyingi kutoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, alipouliza: "Mbona hawa wanakaa wakigeukia kule wanakotoka? Kwetu tungemcheka mtu wa namna hiyo."

Baba, swali lako ni zuri. Ndilo tutakaloanza nalo, kwa sababu jibu lake linatufikisha moja kwa moja kwenye habari ya mashamba ambayo imetukutanisha hapa.

Wengi wenu mmekulia kando ya Luapula na Mweru. Mnajua bwato kuliko sisi. Kule mnatumia kafi. Kafi unalishika mikononi tu, unatazama mbele, na ukitaka unalihamisha kutoka upande wa kuume kwenda upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuvuka mto peke yake na kufika salama.

Kasia la mtumbwi wa mashindano ni kitu kingine. Ni refu, karibu mita 3 na nusu au zaidi kidogo. Limeshikwa na chuma pembeni mwa mtumbwi, nalo linafanya kazi kama mti tunaotumia kuinua jiwe zito. Mvutaji anakaa kwenye kiti chenye magurudumu madogo, miguu imefungwa mbele yake. Anasukuma kwa miguu kwanza, kisha mgongo unafuata, na mikono inamaliza. Nguvu kubwa inatoka miguuni. Ili asukume kwa miguu na kuvuta kwa mgongo namna hiyo, inambidi ageukie nyuma. Baba, hilo ndilo jibu: ameacha kutazama mbele ili apate nguvu, naye anawaamini wenzake kwa habari ya njia. Katika mtumbwi wa watu 8 kuna mtu wa tisa, mdogo wa mwili, asiyevuta. Yeye ndiye anayetazama mbele, anashika usukani na kuwaambia wengine. Katika mtumbwi wa watu 4 kama ule mlioona, hakuna mtu huyo. Mmoja wa wavutaji anageuza usukani kwa mguu wake huku akivuta kama wengine.

Sasa tunaomba mshike neno hili. Katika uvutaji wa namna hii, kila mtu ana kasia moja tu, analishika kwa mikono miwili, na kasia lake liko upande mmoja. Huyu kuume, anayemfuata kushoto, mwingine kuume, mwingine kushoto. Hakuna anayeweza kuhama upande. Maana yake ni kwamba mtu mmoja, hata awe na nguvu za nyati, akivuta peke yake mtumbwi hauendi mbele. Unazunguka tu pale pale. Na upande mmoja wote ukivuta huku mwingine umelala, unazunguka vibaya zaidi, kwa sababu nguvu imeongezeka.

Hata pande mbili zikivuta, bado haitoshi. Lazima makasia yaingie majini wakati mmoja na kutoka wakati mmoja. Walimu wa mchezo huu wanasikiliza kwa masikio: makasia 8 yakiingia vizuri, unasikia sauti moja. Ukisikia sauti mbili au tatu, kuna mtu amewahi au amechelewa. Anayewahi anabeba peke yake uzito wa mtumbwi mzima. Anayechelewa kutoa kasia lake analiacha majini kama mti uliozama, nalo linawazuia wengine. Wote wawili wanatoka jasho, na jasho lao linaharibu safari. Hili ni gumu kukubali: mtu anaweza kufanya kazi sana, kwa moyo safi, na kazi yake ikawa ndiyo inayozuia mtumbwi.

Wanajuaje wakati? Hawahesabu kila mmoja kichwani mwake. Mmoja anayekaa nyuma kabisa ndiye anayeweka mwendo. Kwa kuwa wote wamegeukia nyuma, wenzake wote wako nyuma ya mgongo wake, na kila mmoja anatazama mgongo wa aliye mbele ya macho yake. Huyo mweka mwendo si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Anachaguliwa kwa sababu mwendo wake haubadiliki-badiliki, hata akichoka.

Jirani zetu wa Zambia wana namna yao ya kufanya hivyo. Miaka ambayo maji ya Zambezi yanapanda vya kutosha, Litunga, mfalme wa Walozi, anahama kutoka Lealui kwenda Limulunga katika sherehe ya Kuomboka. Mtumbwi wake mkubwa unaitwa Nalikwanda, una mistari myeupe na myeusi, na juu yake kuna sanamu ya tembo. Wapiga kafi ni zaidi ya 100. Watu wengi hivyo hawawezi kutazamana migongo, kwa hiyo ngoma zinapigwa ndani ya mtumbwi na wote wanafuata mlio wake. Njia ni mbalimbali, lakini sheria ni ile ile: kuwe na mwendo mmoja ambao wote wanaujua, na mtu asijitungie wake.

Tuwaambie sasa wale wanne wa filamu ni nani. Ni watu wa Afrika Kusini: Sizwe Ndlovu, Matthew Brittain, John Smith na James Thompson. Tarehe 2 Agosti 2012, katika michezo ya Olimpiki ya London, walishindana kilometa 2 katika daraja la watu wepesi, ambako mwanamume hakuruhusiwa kuzidi kilo 72 na nusu. Mmoja wao ni mweusi, watatu ni weupe, nao wanatoka katika nchi ambayo hadi mwaka 1994 sheria iliwatenga watu kwa rangi. Sehemu kubwa ya njia hawakuwa mbele. Karibu na mwisho waliongeza mwendo, wote wanne pamoja, wakawapita Waingereza kwa robo ya sekunde, na Wadenmark wakafuata nyuma kidogo sana. Robo ya sekunde ni muda wa kufumba na kufumbua macho. Kama mmoja wao angeongeza mwendo kabla ya wenzake, wasingeshinda.

Ndugu zetu, sasa tuje kwetu. Tuseme ukweli, na tuanze na kosa letu sisi wenyewe wa shirika.

Mwaka jana mvua zilipokaribia, tulipata mbegu za mahindi na majembe kwa ajili ya jamaa zilizokimbia makwao. Chifu alikuwa amekubali kwa moyo mwema wapewe mashamba ya kuazima. Lakini mipaka ilikuwa haijapimwa, na jamaa nyingi za wenyeji zilikuwa hazijaelezwa. Tuliogopa mvua itatupita. Wakubwa wetu walikuwa wanangoja ripoti. Tukagawa mbegu. Tulifikiri tunafanya haraka kwa sababu ya huruma.

Mnajua yaliyofuata. Watu walilima mahali palipoonekana kuwa pori, kumbe ni shamba la jamaa ya wenyeji lililopumzishwa. Mahindi yalipoota, yaling'olewa usiku. Vijana wawili walipigana kwa majembe, mmoja akalala hospitalini. Hata kisimani mama wa pande mbili waliacha kusalimiana. Wakimbizi walisema, "Hawa wanatuchukia." Wenyeji walisema, "Hawa wanatunyang'anya." Lakini aliyeingiza kasia majini kabla ya wakati ni sisi. Tulivuta kwa nguvu, upande mmoja, peke yetu, na mtumbwi ukazunguka. Kwa hilo tunawaomba msamaha mbele ya machifu.

Wazee wetu wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima. Lakini methali haikusema ni shamba la nani. Hilo wanaliamua watu wenyewe, wakikaa pamoja, kabla jembe halijatolewa.

Sisi hapa hatuwezi kuhama upande. Mwenyeji atabaki mwenyeji, ana makaburi ya babu zake hapa. Aliyekimbia atabaki na kumbukumbu ya kwake. Wako waliovuka kwenda Zambia wakati vita vilipofika Pweto mwezi wa Desemba 2000, wakaishi kambi za Kala na Mwange, wakarudi, na baadaye wakakimbia tena. Hatuwaombi mgeuke kitu kingine. Mtumbwi unahitaji pande mbili. Tunaomba mambo manne tu.

La kwanza, kupima mipaka kufanyike siku moja, pande zote mbili zikiwepo, na mbegu zisitoke ghalani kabla ya siku hiyo. Mbegu za mwaka huu zimekwisha kufika. Ufunguo mmoja wa ghala uko kwa mama mmoja wa wenyeji, wa pili uko kwa mama mmoja wa wakimbizi. Mlango haufunguki kwa ufunguo mmoja. Hata sisi hatuna wa tatu.

La pili, orodha iwe moja. Jamaa maskini za wenyeji ziwe ndani yake, na isomwe hadharani hapa, jina kwa jina, si ofisini kwetu.

La tatu ni kusimama. Katika mchezo ule, wakati mwingine kasia linanaswa chini ya maji, mpini unampiga mvutaji kifuani, hata unaweza kumtupa majini. Wengine hawaendelei kuvuta huku wakimlaumu. Wanasimama wote, analitoa kasia lake, wanaanza tena pamoja. Basi shamba moja likiwa na ugomvi, komite isimamishe kazi ya kugawa mahali pote hadi ugomvi huo usikilizwe. Itatuchelewesha siku mbili au tatu. Mwaka jana kutosimama kulitugharimu mavuno.

La nne, tusiharibu wakati wa kupumzika. Jambo la ajabu katika uvutaji ni kwamba mtumbwi unakimbia zaidi wakati makasia yako nje ya maji, wavutaji wanaporudi polepole kujitayarisha kwa mvuto mwingine. Anayerudi kwa pupa, uzito wa mwili wake unausukuma mtumbwi nyuma. Kwetu, wakati huo ni ile miezi baada ya kupanda, ambapo hakuna mkutano wala mgawo. Watu wanafikiri amani haina kazi siku hizo. Kumbe ndipo watu wanatembeleana, wanazikana, watoto wanacheza pamoja. Tusiujaze wakati huo na uvumi na madai mapya.

Tunajua wako wanaosema, "Nyinyi wa mashirika mnakuja na michezo ya wazungu, sisi tuna njaa." Wana haki ya kusema hivyo. Njaa haingoji. Lakini mlikwisha kuona kwamba mbegu iliyopandwa kabla ya mapatano haikufika chunguni. Tukipima mipaka Jumamosi hii, bado tuko mbele ya mvua. Tukingoja wiki tatu, tutapanda kwa haraka na hasira kama mwaka jana.

Kabla hatujatawanyika, tufanye zoezi moja. Tunaomba watu 8 wakae chini kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine: mwenyeji fimbo yake upande wa kuume, mkimbizi upande wa kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho, wanaume na wanawake. Mtavuta fimbo pamoja mara 20, na fimbo ziguse ardhi kwa sauti moja. Msicheke mkikosa, kwa maana mtakosa. Sisi wa shirika tutakaa pembeni, hatutashika fimbo. Na kwa kuwa mzee wetu wa Kilwa ndiye aliyeuliza swali, tunamwomba yeye akae mwisho, aweke mwendo.

Jumamosi asubuhi tukutane kwa chifu. Kila upande ulete kamba na mambo za kupigia mipaka.