Mpaka wa Shamba Hauamuliwi kwa Fimbo

Leo tuzungumze habari ya mpaka.

Tuseme mvua zimeanza. Unafika shambani asubuhi, unakuta jirani amevuka mstari wa minyaa, kalima hatua tano ndani kwako. Utashika fimbo? Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Enzi za watemi, ugomvi wa shamba au wa ngitili ulianzia kwa wazee wa jirani, banamhala, waliojua nani alifyeka pori lile. Ukishindikana, ulikwenda kwa mwanangwa, kisha kwa mtemi. Wakati wa Mwingereza mabaraza ya watemi yakafanywa mahakama za wenyeji. Mwaka 1963 utemi ulifutwa, zikaja mahakama za mwanzo. Halafu ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Watu walihama, mashamba yakapata wenyewe wapya, na maneno ya "hapa palikuwa pa baba yangu" yakazidi. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya mabaraza ya kata.

Na sasa je? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji kina baraza la ardhi la watu 7, na wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kupatanisha. Msipopatana, nendeni baraza la kata. Wewe unayekaa mtaa wa mjini, anzia hapo kwenye kata. Tangu 2021 baraza la kata nalo linapatanisha tu katika mambo ya ardhi, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, peleka shauri lako Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mama mjane, nawe usirudi nyuma. Sheria inakupa haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Lakini msilale! Madai ya kurudishiwa ardhi yana kikomo cha miaka 12. Anayenyamaza kwa kuona haya ujirani anaweza kupoteza shamba.

Basi, wiki hii fanyeni jambo moja. Mwite jirani, waiteni na wazee wawili watatu, tembeeni mpakani pamoja. Pandeni minyaa palipo na pengo. Yaandikeni mliyokubaliana, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Wazee wanaoujua mpaka hawatakuwapo siku zote.

Kazi njema, na kwaherini.