Mashini ya Laminesheni: Tuitazame Kabla Haijanunuliwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyi kazi wa chapa, Malindi)



Twataka kusema juu ya mashini ya laminesheni, ile mashini pana inayovalisha stika na mabango ngozi nyembamba ya plastiki. Huenda mtu akauliza: kununua mashini ni shauri la tajiri, chama kina nini hapo? Chama kina jambo, na jambo lenyewe ni mshahara. Kazi ikitoka na malengelenge au mikunjo, anayeulizwa ni yule aliyesimama mbele ya mashini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ikiwa mfanyi kazi ameiharibu kwa kusudi. Rola iliyopinda si kusudi la mtu. Walakini, nani atathibitisha kwamba imepinda, ikiwa siku ya kununua hakuna aliyeipima?

Basi tuanze na rola, maana hapo ndipo penye mashini. Mengine mengi ni rangi na taa. Kazi zetu nyingi zina upana wa mita 1.6 hivi. Rola ndefu kiasi hicho, ikiwa nyembamba, ukiikaza kwa pande mbili hupinda katikati, hewa ikapata njia. Kipimo chake hakitaki fundi wa Nairobi. Mashini ikiwa imezimwa, wekeni vipande vitatu vya karatasi ya namna moja baina ya rola: kushoto, katikati na kulia. Shusheni rola, kisha vuteni kimoja kimoja. Vyote viwe na ugumu mmoja. Cha katikati kikiteleza na cha pembeni kikikwama, na rekebisho la muuzaji lisiondoe tofauti hiyo, mashini hiyo iacheni huko huko dukani.

Pitisheni na kiganja juu ya mpira wa rola. Mashini za mitumba mara nyingi zimechanjwa visu, au zimelala miezi mingi rola zikiwa zimebanwa, mpira ukafanya bapa. Bapa hilo litaacha alama kila mzunguko, na kila alama itaandikwa kwa jina lako.

Wauzaji hupenda kusifu moto. Mashini ya moto mkali, unaopita digrii 100, ni ya karatasi na plastiki yenye gundi ya kuyeyuka. Stika zetu haziuwezi. Itufaayo ni ya baridi yenye rola ya juu inayopata vuguvugu la digrii 40 au 50, ili gundi ilale vizuri na rangi nyeusi isitoke na weupe kama ukungu. Na hili tajiri naye alisikie: chapa ya wino wa solventi yataka kupumua saa 24 kwa uchache kabla ya kuvalishwa. Ukiivalisha saa mbili baada ya kutoka kwenye printa kwa sababu mwenye hoteli anasubiri mlangoni, hakuna mashini duniani itakayokuokoa.

Tena tuko pwani. Kusi ikivuma, chumvi huingia mpaka ndani ya kabati. Nguzo ya Vasco da Gama yastahimili, lakini ile ni ya mawe, haina beringi. Tazameni ncha za vyuma, minyororo na viungo vya waya; kutu ikianza kuonekana hapo, na ndani imo.

Umeme wetu ni volti 240. Someni bamba la mota, kwa kuwa mashini za mitumba kutoka Marekani huenda zikataka volti 110 au 120. Kisha zimeni umeme ukutani huku mashini yazunguka, mkauwashe tena. Ikianza kuzunguka yenyewe, ikataeni. Umeme hukatika mtu akiwa ameinama kunyosha stika. Ukirudi ghafula, rola mbili zinazozungukia ndani hazibagui plastiki na vidole, wala mkono wa kanzu na ncha ya mtandio.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu za hatari za mashini zikingwe. Kwa hiyo ulizeni kitufe chekundu cha kusimamisha kiko wapi, na je, anayesimama nyuma aweza kukifikia? Ipo taa ya ulinzi mbele ya rola? Ijaribuni kwa bomba la karatasi, si kwa mkono. Isimame papo hapo. Rola ziweze pia kurudi nyuma na kunyanyuka upesi.

Vipuri navyo: Mombasa ni kama kilomita 120 kutoka Malindi. Muuzaji akisema vipo, aoneshe mkanda na rola ya akiba kwa macho.

Tunaomba hivi. Kila duka lichague wajumbe wawili wanaoshika kazi hiyo, waende pamoja na tajiri siku ya kujaribu, na wachukue chapa yetu wenyewe, pana, yenye nyeusi nyingi. Waliyoyaona yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla fedha haijatolewa. Nakala moja ibaki dukani, na ya pili aletewe Katibu, aiweke pamoja na karatasi za mishahara.