Mapumziko ya Mume na Mke



Katika fundisho lililopita tulisema juu ya ahadi ambazo mume na mke hupeana mbele ya altare. Leo twaendelea na jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, hata wasilitaje wanapojitayarisha kwa ndoa: maisha yao ya kila siku, kazi zao, burudani zao na mapumziko yao. Maana ahadi hutolewa kwa siku moja, lakini hushikwa siku zote. Nayo hushikwa jikoni, shambani, njiani, na penye kizingiti cha nyumba wakati wa jioni.

Tuwaze nyumba moja. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa nyumba za namna hiyo ni nyingi, mjini na vijijini. Ni siku ya Dominika. Mume na mke wametoka Misani. Mume avua koti, aketi chini ya mti pamoja na rafiki zake. Kasiksi yaletwa, mazungumzo yaanza. Baadaye aenda kutazama mchezo wa mpira. Jioni arudi nyumbani, asema: «Leo nimepumzika vema.» Na mke je? Tangu kutoka Misani amechota maji, ametwanga sombe, amepika ugali, amewapelekea wanaume chakula, ameosha vyombo, amefua nguo za shule za watoto. Na sasa giza laingia, naye angali akitafuta kuni. Ukimwuliza bwana yule: «Je, nyumba yako imeishika Dominika?» atakujibu bila kusitasita: «Ndiyo, Padri, tumeishika.» Lakini aliyepumzika ni mmoja, na mwenzake ndiye aliyelipa gharama ya pumziko lile.

Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kazi tusiyoifanya sisi wenyewe, twaiona nyepesi.

Basi tukumbuke Amri ya Mungu. Alipoagiza kwamba siku moja iwe ya pumziko, hakusema na mwenye nyumba peke yake. Alimtaja mtumishi na mjakazi, akamtaja mgeni, akataja hata ng'ombe na punda. Ikiwa ng'ombe hafungwi nira siku ile, yawezekanaje mke, aliye mwili mmoja na mumewe, abebe mzigo wake na mzigo wa mumewe pia?

Ili tulielewe jambo hili vizuri, tuwatazame mume na mke wawili ambao Kanisa limetuwekea mbele ya macho. Ni Louis Martin na Zélie Guérin, wa mji wa Alençon katika nchi ya Ufaransa. Wengi wenu mnamjua binti yao wa mwisho, Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni tangu mwaka 1927. Wazazi wake walitangazwa watakatifu na Papa Fransisko tarehe 18 Oktoba 2015, wote wawili pamoja, kama mume na mke.

Msifikiri kwamba walikaa kanisani mchana kutwa. Walikuwa watu wa kazi. Louis alikuwa fundi wa saa, mwenye duka lake mjini. Zélie alikuwa fundi wa lesi, yaani kile kitambaa chepesi kishonwacho kwa sindano na uzi mwembamba. Lesi ya Alençon haishonwi na mtu mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Kila mwanamke hushona kipande chake kidogo. Kisha vipande huunganishwa kwa ustadi mkubwa, hata mtu asione mahali vilipoungana. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo aliyoifanya Zélie mwenyewe. Kila Alhamisi wanawake walimletea vipande vyao, naye akawagawia kazi mpya. Mara nyingi alishona mpaka usiku.

Walifunga ndoa tarehe 13 Julai 1858. Walipata watoto tisa. Hapo kila mzazi anayesikiliza atajua kwamba nyumba ile haikukosa shughuli.

Sasa, walipumzikaje? Sikilizeni mambo matatu.

La kwanza: waliishika Dominika kwa hasara yao. Siku ile watu wa mashambani walikuja mjini, na maduka mengi yaliuza vizuri kuliko siku nyingine. Louis alifunga lake. Rafiki walimshauri aache wazi mlango wa pembeni, apate faida bila kuonekana, naye alikataa. Baada ya Misa na chakula, wazazi na watoto walitoka pamoja kutembea, wakitazama mashamba ya ngano na maua yake. Wala matembezi yale hayakuwa na gharama yoyote.

La pili: kila mmoja aliheshimu furaha ya mwenzake. Louis alipenda sana kuvua samaki kwa ndoana. Tena alikuwa na kiwanja kidogo chenye bustani na mnara, alichokinunua kabla ya kuoa, na huko alipenda kusoma na kukaa kimya. Zélie hakumwonea wivu kwa saa zile. Mke na mume hawalazimiki kushikana mikono saa zote za mchana. Lakini angalieni: furaha ya Louis haikumnyang'anya mkewe kitu. Samaki walirudi nyumbani, na mara nyingi aliwapeleka kwa watawa wa Mtakatifu Klara waliokuwa pale mjini. Hiyo ndiyo alama ya burudani njema: mwenye kuitumia hurudi ameleta kitu, kama si samaki, basi uso mchangamfu. Burudani mbaya humrudisha mtu mikono mitupu, mfuko mtupu, na maneno makali kinywani.

La tatu: hawakuacha kazi ya mmoja immeze yule mmoja. Kazi ya lesi ilipozidi kukua, Louis aliliacha duka lake la saa mnamo mwaka 1870, akamkabidhi mwana wa ndugu yake, ili amsaidie mkewe katika hesabu na safari za biashara. Enyi waume mnaosikiliza, pimeni neno hilo. Mwanamume mwenye ufundi wake na jina lake mjini aliingia katika kazi ya mkewe, wala hakuona kwamba heshima yake imepungua.

Mwaka 1873 Zélie alikwenda pamoja na watoto kukaa siku chache kwa ndugu yake, katika mji wa Lisieux. Walipokewa kwa ukarimu mwingi. Watoto walifurahi. Lakini yeye alimwandikia mumewe barua kwamba raha ile haimwingii moyoni, kwa kuwa yeye hayupo. Akajifananisha na samaki aliyetolewa majini. Mke wa mvuvi alijua mfano gani wa kutumia! Nanyi mkaao kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, mliokwisha kuona samaki akirukaruka ndani ya mtumbwi, mwamwelewa bila kuelezwa zaidi.

Huenda wengine mtasema: «Padri, watu wale walikuwa na mali, walikuwa na mtumishi nyumbani. Sisi tuna jembe na ndoo.» Maneno hayo ni kweli, wala sitayapinga. Lakini mali haikuwakinga na machozi. Katika watoto wao tisa, wanne walikufa wangali wadogo. Tena Zélie alishikwa na ugonjwa wa kansa ya ziwa, akafariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Ndoa yao ilidumu miaka 19 tu. Tereza alikuwa hajatimiza miaka mitano. Naye alipokua akaandika habari za utoto wake, hakusahau zile Dominika ambazo mama alitoka pamoja nao kutembea.

Fikirini basi: kama Zélie angalisema, «Tutapumzika pamoja kazi itakapokwisha,» mtoto yule angalikumbuka nini? Kazi haikwisha. Aliyekwisha ni mtu. Hii ndiyo sababu ya fundisho letu la leo. Hatujui ni Dominika ngapi tulizohesabiwa pamoja.

Tutafanya nini sisi wenye jembe na ndoo? Jumamosi mume na wavulana wachote maji na kupasua kuni za siku mbili. Mikono ya mwanamume haiharibiki kwa ndoo ya maji. Dominika chakula kiwe chepesi, na vyombo vioshwe na watoto wote, wavulana na wasichana. Alasiri tokeni pamoja: nendeni kuwaamkia wakwe, au mgonjwa, au pandeni kilima mtazame nchi. Jioni ketini karibu na moto, wazazi wawasimulie watoto hadithi za wazee wao. Naye mume afanyaye kazi mbali, katika migodi ya Katanga au barabarani na lori, asitume fedha peke yake. Atume pia neno, kama Zélie alivyotuma neno kwa mumewe. Na arudipo likizo, siku zile asizigawe zote kwa rafiki, akambakishia mkewe usingizi wake tu.

Nanyi akina mama, msikatae pumziko mkipewa. Wako wanawake wanaoona haya kuketi, wakidhani watasemwa kuwa wavivu. Mungu mwenyewe alipumzika baada ya kazi yake. Kuketi kando ya mumeo jioni si uvivu, ni sehemu ya ndoa yako.

Sasa turudie kwa maswali na majibu, ili watoto na wakatekumeni washike.

Swali: Pumziko la Dominika ni la nani?
Jibu: Ni la watu wote wa nyumba, mume, mke, watoto na watumishi.

Swali: Twaitambuaje burudani njema ya mume au ya mke?
Jibu: Ni ile isiyomwongezea mwenzake mzigo, na inayomrudisha mtu nyumbani na moyo mwema.

Swali: Mume afanye nini ili mkewe apate kupumzika?
Jibu: Achukue sehemu ya kazi yake, wala asione haya.

Azimio la juma hili: Dominika ijayo, kabla ya kuketi, kila mume amwulize mkewe: «Ni kazi gani iliyobaki?» Kisha ainuke aifanye; ndipo waketi pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tumsifu Yesu Kristo.