Zamu Katika Mkutano wa Skauti
Mada kwa walezi wa vikosi vya skauti vya shule na kata



Mtu anayetaka kujua kama kikosi cha skauti kinaendeshwa kwa haki hana haja ya kuanza na daftari lake. Na afike uwanjani nusu saa kabla ya mkutano wa kila juma, atazame nani ameshika ndoo na nani ameshika filimbi. Kisha arudi juma la pili, na la tatu. Akiwakuta walewale na ndoo zilezile, amekwisha kupata jibu.

Kugawana kazi kwa makundi ni desturi ya tangu mwanzo wa skauti. Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20. Baadhi yao walitoka katika shule za wenye uwezo, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani, Poole na Bournemouth. Waligawanywa katika makundi manne, kila kundi na kiongozi wake na jina la mnyama au ndege. Kila usiku kundi moja lilishika zamu: lilipewa unga, nyama, viazi na chai, likaenda mahali lilipoelekezwa, likajipikia na kulala huko chini ya ulinzi wake lenyewe. Zamu haikuuliza ni nani ambaye nyumbani kwao kuna mpishi.

Neno zamu si geni kwa mtoto wa shule. Anamjua mwalimu wa zamu, anaijua zamu ya kufagia na ya kuteka maji. Jambo la pekee kwa skauti ni kwamba zamu hukabidhiwa kundi zima la watoto sita hadi wanane, nalo hupanga lenyewe nani afanye nini. Hapo ndipo uongozi unapofundishwa. Mihadhara juu ya uongozi haijapata kumfundisha mtoto kumwamsha mwenzake mvivu bila kugombana naye.

Ubaya huingia polepole, na mara nyingi kwa nia njema. Mvulana mwenye sauti nzito huamrisha gwaride vizuri, basi huachiwa. Wasichana huteka maji upesi, nao huachiwa. Asiye na sare kamili husimamishwa nyuma, na kwa kuwa yuko nyuma, ufagio humfikia yeye kwanza. Muhula wa pili mtoto huyo haonekani tena. Daftari huandika kwamba hayupo, wala haliandiki kwa nini.

Dawa yake haina gharama. Kikosi chenye makundi manne kinaweza kuwa na kazi nne: bendera na ufunguzi, maji na usafi, michezo, vifaa pamoja na daftari la mahudhurio. Kazi zikizunguka kila juma, katika mikutano 12 kila kundi litakuwa limeshika kila kazi mara 3. Lililo muhimu ni zamu kutangazwa juma moja kabla. Michezo isiyoandaliwa humwangukia tena yule mjuaji wa siku zote, na mzunguko hubaki kwenye karatasi tu. Baada ya kufunga mkutano, viongozi wa makundi wakae kidogo na mlezi: kundi linalotoka likabidhi kwa linaloingia, kamba zihesabiwe, kisanduku cha huduma ya kwanza kifunguliwe na kutazamwa. Bandeji iliyokwisha hugunduliwa hapo, si siku mtoto anapojikata.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, ni wa mlezi mwenyewe. Iko siku bendera itapanda kichwa chini, na mkono wake utawasha. Na autie mfukoni. Kundi lenyewe liishushe, liifunge upya, na kikosi kizima kingoje kimesimama wima. Mlezi akiirekebisha yeye, juma lijalo watoto watamtazama yeye kabla ya kuigusa kamba. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye haya anayeita mahudhurio kwa sauti ya chini: wenzake wakiambiwa wanyamaze, watamsikia.

Yako mambo yasiyoingia katika zamu ya watoto. Fedha, dawa, mapanga, na usalama wa wanaorejea nyumbani jioni hubaki mikononi mwa watu wazima, na mlezi anayeyakabidhi hayo kwa jina la mafunzo amekimbia wajibu wake.

Vikosi vingi hukutana katika madarasa na viwanja vya shule za umma, na hutumia bomba lilelile la wanafunzi. Mwalimu akikuta madawati yamehamishwa na bomba linachuruzika, kikosi hakitasalimika kwa kutaja jina la mtoto mmoja. Kundi la vifaa likague chumba kabla ya kufunga mlango na kuurudisha ufunguo kwa mlinzi. Orodha ya zamu ibandikwe palepale mlangoni, kwa hati inayosomeka, na chini kabisa liandikwe jina la mlezi na tarehe yake ya kufagia.