Chema chajiuza, lakini nani anajua kipo?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni nzuri, na wazee waliotuachia hawakukosea. Lakini katika miji yetu ya leo imegeuzwa kichaka cha kujifichia. Mtu anatengeneza kitu kizuri nyumbani kwake, anakipanga ndani, kisha anakaa barazani akingoja kijiuze. Mwezi unapita, bidhaa imebaki pale pale, na marejesho ya mkopo wa kikundi hayasubiri. Mwishowe anasema biashara ni ngumu, au jirani ana husuda. Wiki hii nataka tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini linaua biashara nyingi za nyumbani. Jambo lenyewe ni kushindwa kumwambia mteja, kwa maneno machache, kwamba unauza nini.

Kwanza tujiulize methali hiyo ilifaa katika mazingira gani. Kijijini kila mtu alimjua mfinyanzi na alimjua mhunzi. Chungu kilichovuja siku ya kwanza kilijulikana kijiji kizima kabla jua halijazama, na chungu kizuri kilisifiwa kisimani bila mwenyewe kuwapo. Mfinyanzi hakuhitaji kibao. Lakini Dar es Salaam, ambayo katika sensa ya mwaka 1967 haikufikisha watu 400,000, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022. Mtu anaweza kukaa Tabata au Mbagala miaka sita bila kulijua jina la anayeishi nyuma ya ukuta wake. Katika jiji kama hilo, chema kilichofichwa uani hakiwezi kujiuza, kwa sababu hakuna anayejua kipo.

Kuna na sababu ya pili. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi sabuni ilivyokuwa kitu cha kutafutwa. Ikisikika tu kwamba imefika duka fulani, watu walipanga foleni hata kabla ya kujua ni sabuni ya aina gani. Foleni ndiyo iliyokuwa tangazo. Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Ikafuata enzi ya Mzee Mwinyi, ile tuliyoiita ya ruksa, na maduka yakajaa. Tangu hapo mambo yamepinduka. Zamani mtu aliitafuta bidhaa, leo bidhaa ndiyo inayomtafuta mtu. Lakini wengi wetu bado tunauza kwa mazoea ya wakati wa foleni, kana kwamba mteja hana pengine pa kwenda.

Sasa, nani anajua kutangaza biashara kwa ufasaha katika nchi hii? Wengi watasema makampuni makubwa yenye mabango barabarani. Mimi nasema tumtazame kondakta wa daladala. Yule kijana hasemi kwamba gari lake ni bora, la kisasa na lenye huduma ya kuridhisha. Anaita, "Gongo la Mboto! Gongo la Mboto!" Basi. Anayekwenda Gongo la Mboto anageuka na kupanda, na asiyekwenda huko hapotezi muda wake wala wa kondakta. Ametaja kile kimoja ambacho abiria anakitafuta, kwa jina ambalo abiria mwenyewe analitumia.

Linganisheni na vibao vilivyopo kwenye mageti yetu. Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani kwake. Kibao chake kimeandikwa, "Karibuni mjipatie bidhaa bora za usafi kwa bei nafuu. Mungu ni mwema." Mpita njia atajua nini hapo? Bidhaa za usafi zinaweza kuwa mifagio, zinaweza kuwa ndoo au dawa ya chooni. Ubora kila mtu anajisifia. Bei nafuu ni ipi, na kwa kipimo gani? Na kwamba Mungu ni mwema, hilo hata wanaouza vitunguu jirani wanalikubali. Maneno yote hayo ni mazuri, lakini sabuni yenyewe haikutajwa.

Hebu mama huyo huyo aandike hivi: "Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Lita moja shilingi 1,500. Njoo na chupa yako. Tunauza hadi saa 2 usiku." Hapo mpita njia amejua ni kitu gani, ni cha kazi gani, ni bei gani kwa kipimo gani, na atakipataje. Mambo hayo manne ndiyo msingi. Kibao hakichoki na hakiendi sokoni. Wewe ukiwa jikoni, chenyewe kipo nje kinajibu maswali.

Lakini kabla ya kuandika, hapana budi mwenye biashara ajue anaongea na nani. Sabuni ni ile ile moja, ila wanunuzi wake si wamoja. Mama lishe anayeosha sufuria 20 kwa siku anataka kusikia kama inatoa mafuta sawasawa na kama anaweza kupata dumu la lita 5. Mwenye familia anataka nusu lita ya leo, na anataka kujua kama haimchubui mikono binti anayeosha vyombo. Ukisema na wote kwa mara moja, utaishia kusema "bora kwa matumizi mbalimbali", na hakuna hata mmoja atakayehisi kwamba umemwita yeye. Chagua wale walio karibu na walio wengi katika mtaa wako, useme nao kwanza. Wengine watafuata.

Kuna kipimo kimoja cha bure cha kujua kama ujumbe wako umeeleweka. Mitaani kwetu mnunuzi mkubwa ni mtoto anayetumwa. Basi mwite mtoto wa darasa la tatu, msomee tangazo lako mara moja, kisha mwambie akamweleze shangazi yake. Akifika na kusema, "Pale kwenye geti la bluu wanauza sabuni ya vyombo, lita elfu moja na mia tano," tangazo lako limefaulu. Akifika na kusema, "Wanauza vitu fulani vizuri," rudi ukaandike upya. Ujumbe usioweza kubebwa na mtoto hauwezi kubebwa na mtu mzima mwenye haraka aliye ndani ya daladala.

Jambo jingine ni kuchanganya mambo. Siku hizi biashara nyingi za nyumbani zinatangazwa kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp. Asubuhi mtu anabandika picha ya sabuni, mchana vitenge, jioni kiwanja kinachouzwa Kibaha, na usiku maneno ya kuwasuta wabaya wake. Wenzake wanafungua, wanatazama, wanacheka, na hakuna anayekumbuka kwamba huyo ndiye muuza sabuni. Kuuza vitu viwili au vitatu si kosa, maana maisha ni kuchakarika. Lakini kimoja kitangulie, na watu wakujue kwa hicho. Aidha, tuache tabia ya kuandika "bei njoo inboksi". Mteja asiyeiona bei hufikiri mambo mawili, ama kwamba ni kubwa mno, ama kwamba itapangwa kwa kumtazama usoni. Kwa vyovyote atakwenda kwa aliyeitaja.

Ndugu msikilizaji, maneno machache na ya wazi hayana maana kama si ya kweli. Wapo wanaoandika kwamba unga wao wa lishe unaponya kisukari, au kwamba sabuni yao inaua kila kijidudu. Huo si ufasaha, ni hatari kwa afya za watu, na ni kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Alama ya ubora ya TBS nayo haibandikwi kwa kupenda, hutolewa na shirika lenyewe baada ya bidhaa kupimwa. Kama bado hujafika huko, usiseme umefika. Sema unachoweza kukithibitisha mteja akiwa mbele yako: unga umechanganywa mahindi, soya na karanga, umesagwa Jumatatu. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, neno hilo lina uzito kuliko ahadi ya kuponya magonjwa kumi. Na anayetaka kupanua mradi wake asione haya kugonga mlango wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Najua lipo jambo linalowazuia wengi, hasa akina mama waliolelewa kwa heshima zao. Wanaona kujitangaza ni kujianika. Wanaogopa kuambiwa wanajitembeza. Kwao nasema, turudi kwenye methali tuisome vizuri. Anayejitembeza ni yule anayewafuata watu kwa sifa ambazo bidhaa yake haina. Anayejieleza anatoa habari, kisha anamwachia mnunuzi aamue. Mwadhini anapoadhini hajisifu, anawajulisha watu kwamba wakati umefika. Kujieleza si kujitembeza, na kunyamaza nako si heshima ikiwa ada ya mtoto shuleni inategemea chupa zilizojipanga uvunguni mwa kitanda.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa tena ili kuongeza bidhaa, kabla ya kumlaumu jirani, toka nje ya geti lako ulitazame kama mgeni anavyolitazama. Je, mtu aliyeishiwa sabuni jioni hii, akipita hapo, atajua kwamba anachokitafuta kiko hatua kumi tu kutoka alipo? Kama jibu ni hapana, kazi yako ya leo ni kipande cha ubao, rangi kidogo na maneno yasiyozidi ishirini.

Chema hujiuza, naam. Lakini ni baada ya mwenye nacho kusema kipo wapi. Hadi wiki ijayo, kwaherini.