Kitovu cha Gurudumu na Mshahara wa Mfanya Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la wafanya kazi wa reli)



Tumeombwa kusema machache juu ya baiskeli, na wengine wenu mlicheka mlipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano. Mlisema mmekuja kusikia habari za mishahara na nyumba. Hayo yatasemwa na wale waliopewa kazi ya kuyasema. Lakini kabla ya kuingia tulizihesabu baiskeli zilizoegemezwa ukutani hapo nje, tukaona ni 23, na katika hizo 14 ni zile ziitwazo baiskeli za mlimani, zenye matairi manene na gia nyingi. Tuliinua magurudumu machache tukayazungusha kwa mkono. Samahani kwa wenyewe, maana hatukuomba ruhusa. Mengine yalilia kama jiwe la kusagia mtama.

Mnamjua mwenzetu wa zamu ya usiku ambaye ekseli yake ya nyuma ilikatika njiani mwezi uliopita. Alisukuma baiskeli kilomita 7 gizani. Alipofika, mtu mwingine alikwisha kuitwa mahali pake, na mshahara wa usiku ule ukapotea. Kesho yake alitoa pesa nyingine kununua ekseli mpya. Basi hili nalo ni jambo la mshahara, ndugu zetu, ila pesa zenyewe hutoka mfukoni kidogo kidogo na hakuna anayeziandika.

Tuanze na asili ya baiskeli hizi, kwa kuwa asili yake yahusu jambo hili hasa. Zilianza Marekani, katika jimbo la California, upande wa Marin County, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu nzito za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi mapana, wakateremka nazo milimani kwa mbio. Breki ya baiskeli zile ilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, ile ya kurudisha pedali nyuma. Palikuwa na njia moja ya mlimani karibu na mji wa Fairfax iliyoteremka futi 1,300 hivi kwa maili zipatazo 2 tu. Mwendeshaji alishika breki tangu juu mpaka chini, na kitovu kikawa cha moto mno hata grisi ikaungua ikatoka moshi. Alipofika chini ilimlazimu kukifungua kitovu na kukijaza grisi upya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza tena. Mashindano ya hapo yalianza mwaka 1976. Basi baiskeli ya mlimani ilizaliwa pamoja na taabu ya kitovu.

Sisi watu wa reli twaielewa habari hii upesi kuliko wengine. Wazee wa karakana walitusimulia habari za mabehewa ya zamani, ambayo ekseli yake ilizunguka chini ya chuma laini, na chini yake matambara yaliyolowa mafuta. Mafuta yakikauka, sanduku la ekseli lilishika moto, behewa likatolewa garini, na safari ikaharibika. Baadaye zikaja beringi za kuviringika. Mwaka 1930 kampuni ya Timken ya Marekani iliweka beringi za namna hiyo katika injini nzima ya mvuke, ikaizungusha nchi ile kuonyesha watu kwamba hata mzigo mkubwa kama ule waweza kusukumwa kwa nguvu ndogo. Kitovu cha baiskeli ni sanduku la ekseli lililofanywa dogo. Ajabu ni kwamba mtu akiona sanduku la behewa linatoa moshi atapiga mbio kutoa habari, na kitovu chake mwenyewe kikilia mwaka mzima hasikii.

Sasa tutazame ndani. Vitovu ni vya namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya vikombe na koni. Ndani ya kitovu, kila upande, mna kikombe cha chuma kigumu. Katika kikombe mna goroli. Kwa kawaida gurudumu la mbele lina goroli 10 kila upande, za ukubwa wa inchi 3/16, na la nyuma lina 9 kila upande, za robo inchi. Juu ya goroli huja koni, ambayo huzungushwa kwenye nyuzi za ekseli mpaka iziguse, kisha hufungwa kwa nati nyingine isiweze kujilegeza. Koni na goroli hununuliwa popote, na bei yake si kubwa. Kikombe sivyo. Katika vitovu vingi kimeshindiliwa humo kiwandani, nacho kikiharibika kitovu kizima kimekwisha, na spoku zote hufunguliwa ili kutia kingine.

Namna ya pili ina beringi nzima iliyofungwa kwa mpira pande zote mbili. Hiyo haikazwi wala hailegezwi, bali ikichakaa hutolewa ikatiwa mpya, na kitovu chenyewe hubaki kizima. Watu huogopa namna hii wakidhani vipuri vyake havipatikani. Yasome maandishi yaliyo ubavuni mwa beringi. Ikiandikwa 6001, tundu lake ni milimita 12, upana wa nje 28, unene 8. Ikiandikwa 6902, tundu ni 15, nje 28, unene 7. Namba hizi ni zile zile duniani kote, wala si za baiskeli peke yake, kwa hiyo nenda kwa mwuza beringi za mashine na pampu, umpe namba, usimwambie habari ya baiskeli. Mwambie tu unataka yenye mpira pande mbili. Na wakati wa kuitia, nguvu ya kugonga iwe juu ya duara la nje. Ukigonga la ndani, goroli zitapiga mashimo njiani mwake, na beringi mpya itakuwa kuukuu kabla hujaipanda.

Ipi ni bora? Twajua kwamba katika maduka husifiwa hii ya pili. Sisi twasema hivi: kwa mtu mwenye mikono na robo saa, ile ya vikombe na koni hudumu miaka mingi sana, kwa sababu kila kilichochakaa hubadilishwa kwa pesa kidogo mradi kikombe kimelindwa. Kwa mtu asiyependa kufungua kitu, achukue ya beringi nzima. Lakini asiyefungua kitu hata kimoja, na amenunua ya vikombe, huyo ajue kwamba kila siku anakisaga kikombe chake.

Na hapa tukiri kosa letu wenyewe. Baiskeli yetu ya kwanza ya mlimani tuliinunua kuukuu. Gurudumu la mbele lilicheza kidogo kushoto na kulia, nasi tukachukua spana tukakaza koni kama mtu anayekaza nati za reli. Mchezo ukaisha, tukafurahi. Mvua ndefu zilipokwisha tulifungua, na zile koni zilikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Goroli tatu zilikuwa zimepasuka. Kikombe cha kulia nacho kilikuwa kimekwaruzika vibaya, na kitovu tukakitupa.

Koni haikazwi kwa nguvu. Hukazwa mpaka ekseli izunguke kwa vidole viwili bila kukwama, na bila kucheza. Tena iko siri moja: kama gurudumu lako hufungwa kwa kile kishikio cha kukunja, kishikio hicho kikifungwa hubana ekseli kidogo sana, na koni husogea ndani. Kwa hiyo gurudumu likiwa nje ya fremu acha mchezo mdogo, kama unywele, nao utapotea ukifunga. Mtu asiyejua hili hukaza vizuri mezani, kisha akapanda gurudumu lililobanwa. Kisha spana: koni hutaka spana nyembamba, kwa kawaida ya 13, 15 au 17. Spana nene haiingii, nasi tumeona watu wakitumia koleo, wakaila koni ikawa duara.

Tumrudie mwenzetu wa zamu ya usiku. Yeye hakuwa mvivu, grisi ilikuwamo. Ekseli yake ilikatika kwa sababu nyingine, na wengi wenu mna kitovu cha namna hiyo hiyo. Katika baiskeli za bei ndogo, rundo la meno ya gia za nyuma huzungushwa kwenye nyuzi zilizo nje ya kitovu. Rundo lile ni pana, basi goroli za upande wa kulia zimebaki ndani sana, mbali na fremu. Kipande kirefu cha ekseli kinatoka pale bila kitu cha kukishika. Mzigo wote wa nyuma, mtu na gunia, hukipinda kipande kile kila gurudumu linaporuka shimo. Hupinda leo na kesho, mwisho hukatika, na daima karibu na koni ya kulia. Mwaka 1978 Shimano wa Japani walitoa kitovu ambacho utaratibu wa kuachia pedali umejengwa pamoja na kitovu chenyewe, na goroli za kulia zimesogezwa nje karibu na fremu. Tangu hapo ekseli za vitovu hivyo hazivunjiki ovyo.

Mwenye kile cha zamani hana haja ya kulia. Afungue mara mbili kwa mwaka, aiviringishe ekseli juu ya kipande cha kioo, na ikirukaruka imepinda, aibadilishe kabla haijakatika. Na gunia la makaa la kilo nyingi lisikae juu ya keria ya baiskeli ya namna hiyo. Lile baiskeli jeusi la zamani, Black Mamba, lina gia moja tu, goroli zake ziko pembeni zinapotakiwa, nalo hubeba. Hili la mlimani lina sura ya nguvu kuliko nguvu yenyewe.

Juu ya kusafisha. Futa kwa kitambaa nje, kisha fungua. Tandaza gazeti chini maana goroli hukimbia. Osha vyote kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, tazama njia ya kikombe kwenye mwanga. Goroli badilisha zote pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya ni kubwa kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nazo peke yake zitabeba mzigo wote. Grisi ya magari, ile ya beringi za magurudumu, yafaa kabisa. Jaza kikombe, panga goroli, zitashikwa na grisi zisianguke. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini ya lori hayafai, ingawa mafundi wengine huyapenda kwa sababu ni ya bure. Yana chembe za chuma ndani yake, tena hutiririka yakatoka, kitovu kikabaki kikavu.

Walakini grisi ina mahali pake. Katika kile kitovu cha kujengwa pamoja, ndani mna vijino vidogo vyenye springi vinavyokamata mtu akikanyaga na kuachia akipumzika. Ndio hutoa ule mlio wa trrr. Humo hutiwa mafuta mepesi, kidogo. Fundi mmoja alimjazia ndugu yetu grisi nzito humo kwa wema wake wote. Asubuhi moja ya baridi grisi ikaganda, vijino vikashindwa kuinuka, naye akisimama juu ya pedali kupanda kilima, pedali ikapita bure. Alianguka juu ya bomba la fremu. Hatutasema aliumia wapi, lakini alikaa siku nne hawezi kutembea.

Jambo jingine ni ile mashine ya kuoshea magari kwa maji ya nguvu. Vijana huosha baiskeli kwa shilingi chache, ikang'aa. Mpira wa beringi huzuia vumbi na matone ya mvua, hauzuii maji yanayosukumwa namna ile. Maji huingia, hayatoki, na kutu huanza usiku huo huo. Osha kwa ndoo na kitambaa. Na mtu akivuka mto, maji yakafika kwenye ekseli, asingoje mwezi wake, afungue juma lile lile.

Wakati wa kufungua, kwa nchi yetu, ni Juni baada ya mvua ndefu, na Januari baada ya mvua fupi. Wanaopita njia za vumbi jembamba, kama wenzetu wa upande wa Longonot, wafungue mara moja zaidi katikati.

Sasa ombi letu kwa tawi, Ndugu Mwenyekiti. Spana nyembamba tatu, mkebe mmoja wa grisi, na goroli za ukubwa ule wa namna mbili. Mmoja wetu amesema pesa za chama si za kununulia vitu vya baiskeli. Twamheshimu. Lakini kila mmoja wetu akinunua spana zake mwenyewe, atazitumia mara mbili kwa mwaka, na siku nyingine zote zitalala chini ya kitanda. Zikiwa za tawi, seti moja yatosha kwa baiskeli zote 23 zilizo hapo nje. Ziwekwe kwa katibu, ziandikwe katika daftari, mtu achukue Jumamosi na kurudisha Jumatatu. Atakayepoteza spana atailipa.

Kama wanachama watakubali, Jumamosi ya kwanza ya Juni tutakuwa hapa uani tangu saa tatu asubuhi, na gurudumu la kwanza kufunguliwa litakuwa letu wenyewe. Kila mtu aje na kitambaa chake na gazeti kuukuu. Mafuta ya taa tutaleta sisi.